Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Wimbo Aulizwe

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Mwenye kuuguza hangoji ruhusa. Hupika akamletea, kwani ajua tumbo tupu halipambani na maradhi. Ni methali ya huruma. Lakini liko swali moja ambalo mgonjwa anafaa aulizwe, tena kabla sindano haijaingia mwilini: je, ungependa kusikiliza nini?

Swali hili laweza kusikika kama mzaha. Mtu amelala kitandani, kidonda chake kinangoja kushonwa, nawe wamuuliza habari za nyimbo. Hata hivyo, madaktari wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na katika miongo ya karibuni tafiti zimekuwa nyingi kiasi cha kutosha kusema hivi: muziki hupunguza woga na maumivu ya mtu anayetibiwa. Hauyamalizi, huyapunguza. Katika makala haya nataka kueleza namna unavyofanya kazi, mipaka yake iko wapi, na nani anayefaa kuuchagua. Nitalitazama jambo lenyewe kutoka Isiolo, kwani hapo ndipo swali la "wimbo gani?" linapokuwa gumu, na jibu lake latufaa hata sisi wa mwambao.

Kwa nini Isiolo

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Mombasa watu 1,208,333 katika eneo dogo ambalo matatu hulivuka kwa muda mfupi. Sensa hiyo hiyo iliikuta Kaunti ya Isiolo na watu 268,002, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Mgonjwa anayetoka Merti kuja hospitali ya rufaa mjini husafiri zaidi ya kilomita 100. Mpaka afike amechoka, ana kiu, na mara nyingi yuko mbali na watu wake.

Kisha kuna lugha. Garba Tulla, Kinna na Merti ni kwa Waborana. Ngaremara utawakuta Waturkana, Oldonyiro Wasamburu. Mjini wako Wameru, na wako Wasomali ambao baadhi ya wazee wao walikuwa askari wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakapewa makao hapo vita vilipokwisha. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Lakini mtu anayeumia harudi kwenye lugha ya sokoni, hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Sasa mfikirie mama wa miaka ishirini na kitu anayepelekwa kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Amechomwa ganzi ya mgongoni. Miguu haisikii, lakini masikio yako wazi. Anasikia vyuma vikigongana, mashine ikilia, na watu waliofunika nyuso wakizungumza lugha asiyoielewa vizuri. Serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini woga haufutwi kwa tangazo. Mwanamke aliyetishika mara ya kwanza aweza kuamua mara ya pili azalie nyumbani. Mwanamume aliyeng'olewa jino kwa mateso huliacha la pili lioze hadi shavu livimbe. Mtoto aliyeungua kwa uji wa moto, ambaye kidonda chake kilioshwa huku ameshikwa kwa nguvu, huanza kulia akiuona tu mlango wa zahanati. Woga huwachelewesha watu, na kuchelewa kwaweza kuua.

Mwili unavyousikia muziki

Watu wengi hudhani maumivu ni kama umeme: waya umeguswa hapa, taa imewaka kule. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Canada, Ronald Melzack, pamoja na Mwingereza Patrick Wall, walitoa nadharia iliyobadili fikra hiyo. Walieleza kwamba ujumbe wa maumivu unapofika kwenye uti wa mgongo hukutana na kitu mithili ya lango. Lango hilo laweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi, na ubongo wenyewe una mkono katika kulifunga. Ndiyo maana mtu aliyekazana kucheza mpira hugundua amechanika goti baada ya mechi, na ndiyo maana ukijigonga hupasugua pale palipouma.

Woga hulifungua lango hilo. Mtu akiogopa, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza, na akili yote hukaa kwenye ile sehemu inayotarajiwa kuuma. Sindano ambayo ingemuuma kidogo humuuma mara mbili, maana ameshaumia kabla haijamfikia.

Muziki huingilia hapo kwa njia kadhaa. Kwanza, huipa akili kitu kingine cha kushika. Wimbo unaoujua hukuvuta mbele: wajua kiitikio kinakuja, nawe wakingoja. Pili, mpigo wa polepole, wa mapigo kama 60 hadi 80 kwa dakika, huenda sambamba na moyo uliotulia, na pumzi hupenda kuufuata. Tatu, sauti unayoipenda hufunika sauti zinazotisha, kama vile mlio wa vyuma au kilio cha mgonjwa wa jirani. Nne, kuna kemia ya furaha. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba mtu akisikiliza muziki unaomsisimua, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali ile ile inayotoka tunapopata chakula kizuri tukiwa na njaa. Tena huanza kutoka hata kabla ya kile kipande kitamu cha wimbo kufika, wakati mtu anakitarajia.

Mtu wa Isiolo hahitaji maabara kuliamini hili. Katika nchi ya Wasamburu, na kwa Waborana vilevile, kuna visima virefu ambavyo wanaume hushuka ndani wakasimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Wimbo hupanga mikono, hupunguza uchovu, na ng'ombe huujua wimbo wa mwenyewe wakasogea. Wavuvi na mabaharia wa kwetu nao wana nyimbo zao za kuvutia kamba. Tumejua siku zote kwamba kazi ngumu huwa nyepesi ikiimbiwa. Tulichochelewa kuuliza ni kama maumivu ya hospitalini nayo yaweza kuimbiwa.

Ushahidi wa madaktari

Mmoja wa waliouliza mapema alikuwa Evan O'Neill Kane, daktari wa upasuaji wa Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1914 aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo kuhusu faida ya kuweka santuri katika chumba cha upasuaji, ili mgonjwa apate la kusikiliza badala ya kuogopa. Huyu hakuwa mtu wa kuyaogopa maumivu: mwaka 1921 alijipasua mwenyewe akaondoa kibole chake kwa kutumia ganzi.

Ushahidi mzito ulikuja baadaye. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa London uliokusanya majaribio 73, yenye wagonjwa karibu 7,000. Wagonjwa waliosikiliza muziki kabla ya upasuaji, wakati wake au baada yake walikuwa na maumivu kidogo zaidi na wasiwasi kidogo zaidi, walihitaji dawa chache za maumivu, na waliridhika zaidi na matibabu. Hata waliolazwa kwa nusukaputi walionekana kufaidika, ingawa faida ilikuwa kubwa zaidi kwa walio macho. Muda wa kukaa hospitalini haukupungua. Yaani muziki haukuponya kidonda upesi. Uliifanya njia ya kupona iwe na mateso machache.

Mwaka 2019 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya jaribio la kuvutia. Walichukua watu wazima 157 waliokuwa wakisubiri kuchomwa sindano ya kufisha ganzi kwenye mishipa ya fahamu. Nusu walipewa midazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi ambayo hutumiwa sana na ambayo yaweza kuathiri upumuaji. Nusu nyingine walisikilizishwa muziki mtulivu kwa vipokea sauti vya masikioni. Wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili.

Lakini someni na upande wa pili wa matokeo hayo. Wale wa muziki hawakuridhika kama wale wa dawa. Muziki ulikuwa mmoja, umechaguliwa na watafiti, na wagonjwa hawakuulizwa. Isitoshe, vile vipokea sauti vilikuwa vya kuzuia kelele kabisa, hata wagonjwa na madaktari wakaona taabu kusemezana. Mambo hayo mawili, kuchagua na kusikilizana, ndiyo yanayoamua kama muziki utafaa katika hospitali zetu.

Nani achague wimbo?

Hapa kuna mvutano wa kweli, nami sitauficha. Ule uchambuzi wa majaribio 73 haukuona tofauti kubwa kati ya muziki uliochaguliwa na mgonjwa na ule uliochaguliwa na wengine. Muuguzi mwenye shughuli nyingi aweza kusema: basi, niweke chochote.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022 na wataalamu wa Dublin na London, uliangalia watu wazima 286 waliokuwa na maumivu yao ya kawaida nyumbani. Baadhi walifanywa waamini kwamba wao ndio walioathiri muziki waliousikia; wengine hawakupewa nafasi hiyo. Waliohisi kwamba wamechagua walipata nafuu zaidi ya maumivu kuliko wasiochagua. Kilichotuliza hakikuwa sauti peke yake, bali pia ile hali ya kuwa na kauli.

Tafakari hilo, msomaji. Mtu akiingia hospitali hupoteza kauli karibu yote. Nguo zake huvuliwa. Huambiwa alale upande gani, anyooshe mkono upi, asile kuanzia saa ngapi. Kumuuliza "ungependa kusikiliza nini?" ni kumrudishia kipande kidogo cha utu wake, na mwili wenyewe waonekana kulijibu swali hilo.

Kwa Isiolo jambo hili si la anasa. Redio moja iliyotundikwa wodini na kufunguliwa stesheni moja itamfurahisha Mborana na kumchosha Mturkana, au kinyume chake. Wako Waislamu wasiosikiliza ala za muziki kabisa. Hao wana kisomo cha Qur'ani, na wana qasida zinazosomwa kwa sauti tupu. Nchini Iran zimefanywa tafiti kadhaa kuhusu wagonjwa kusikiliza kisomo cha Qur'ani kabla ya upasuaji, na nyingi ziliona wasiwasi ukipungua. Mkristo aweza kutaka tenzi za kanisani. Kijana aweza kutaka Bongo Flava, na babu akataka rumba ya Kikongo. Na wako wanaotaka kimya, au wanaotaka tu kusemeshwa na dada yao kwa simu. Kimya nacho ni chaguo.

Afrika Magharibi wametuonyesha njia ya kuanzia nyumbani. Nchini Gambia kuna vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng, ambavyo tangu jadi huimba kwa ajili ya uzazi. Watafiti walishirikiana navyo kuendesha vikao vya nyimbo kwa wajawazito, kila wiki kwa wiki sita, katika jaribio la wanawake 124 lililochapishwa mwaka 2020. Dalili za wasiwasi na huzuni zilipungua kwa walioimba. Nyimbo hizo hazikuagizwa kutoka Ulaya. Zilikuwa za akina mama wenyewe. Pwani tuna makungwi na tuna nyimbo za kubembelezea watoto. Isiolo nako kila jamii ina zake. Hazina tunayo.

Wimbo usiwe kiziba mdomo

Liko jambo la kuonya. Katika jando la kwetu ngoma na nyimbo zilimpa kijana moyo, lakini pia zilifunika kilio chake, na ole wake aliyelia akasikika. Vijana wa Kisamburu nao huimba kabla ya tohara, na wanatazamiwa wasitikisike hata ukope. Huo ni mtihani wa ujasiri wenye maana yake katika mila. Hospitali si jando. Mgonjwa hakuja kupimwa ujasiri, na muziki usitumiwe kumnyamazisha.

Tume iliyoundwa na The Lancet kuhusu upasuaji ilisema mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata huduma salama ya upasuaji na nusukaputi wanayoimudu. Wengi wao wako katika nchi kama zetu. Kwa hiyo kuna hatari ya wazi: kituo kilichoishiwa ganzi chaweza kujifariji kwa redio. Hilo likatazwe. Kidonda hushonwa kwa ganzi. Mama aliyeharibikiwa na mimba akasafishwa kizazi anastahili dawa ya maumivu. Mtoto aliyeungua apewe dawa yake kabla ya bandeji kufunguliwa, na muda wa kutosha dawa hiyo ishike. Muziki huja juu ya hayo, haukai mahali pake. Mgonjwa akisema "naumia" muziki ukiwa unaendelea, kinachotakiwa ni kusimama na kuongeza dawa, si kuongeza sauti.

Mipaka mingine ni ya kazi yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa London walitazama picha za video za operesheni 20. Waliona kwamba katika zile zilizokuwa na muziki ukumbini, wahudumu walilazimika kurudia maombi yao mara nyingi zaidi, kwani mwenzao hakusikia. Chumba cha upasuaji si ukumbi wa harusi. Muziki wa mgonjwa uende masikioni mwake, si kwenye spika ya chumba kizima.

Namna ya kuanza bila gharama kubwa

Tangu mwaka 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti. Hakuna haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi ili muuguzi aulize swali moja. Vifaa vinavyohitajika ni simu, vipokea sauti vya masikioni, na pamba yenye spiriti ya kuvifuta kila vinapobadilisha mtu.

Kwa wahudumu: ulizeni mapema, wakati mgonjwa anapoandikishwa, si pale anapotetemeka juu ya meza. Mwanzisheni robo saa hadi nusu saa kabla ya kazi, maana woga hupanda wakati wa kungoja. Sauti iwe ya chini, na ikibidi sikio moja liachwe wazi ili asikie anapoambiwa "vuta pumzi" au "sasa utasikia baridi". Asiyetaka aachwe, na anayetaka kuvua katikati avue.

Kwa jamaa wa mgonjwa: kabla ya safari ya kutoka Merti au Sericho, au kwetu kutoka Faza au Lunga Lunga, wekeni katika simu nyimbo au visomo vya saa moja. Viwe vimehifadhiwa ndani ya simu yenyewe, maana mtandao hukatika na matangazo ya biashara huvunja utulivu wote. Zimeni simu zisiingie. Chagueni vya polepole na vinavyojulikana kwa moyo. Epukeni wimbo unaokumbusha msiba. Chajini simu.

Kwa watoto, kifaa bora ni mzazi. Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 11 za Marekani kwa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati. Walipoimbiwa moja kwa moja, hasa kwa wimbo uliochaguliwa na wazazi wao, moyo ulitulia, usingizi na unyonyaji uliboreka, na wazazi wenyewe walipungukiwa na wasiwasi. Mama asitolewe nje mtoto anaposhonwa ikiwa ana moyo wa kukaa. Aachwe aimbe, hata kwa sauti ya kukwaruza. Mtoto hamsikilizi kwa ajili ya uzuri wa sauti.

Na kwa wasimamizi wa hospitali, Isiolo hata Lamu: andikeni. Daftari moja lenye safu tatu latosha: mgonjwa alisema anaumia kiasi gani kutoka 0 hadi 10 kabla, alisema kiasi gani baada, na alisikiliza nini. Baada ya miezi 6 hospitali itakuwa na habari zake yenyewe, kuhusu watu wake na nyimbo zao, badala ya kutegemea za London na Pennsylvania peke yake.

Mwenye kuuguza aendelee kuleta uji bila kuuliza. Lakini akishauweka chini, na kabla daktari hajavaa glavu, amsogelee mgonjwa sikioni amuulize, kwa lugha ya mama yake ikiwezekana, angependa kusikia nini.